Mji wa Theluji Upime Novemba

Ukitafuta mji wa milimani wa kuhamia na kompyuta yako, karibu kila picha utakayoonyeshwa imepigwa Februari. Theluji imefunika mapaa, anga ni ya buluu, na watu wenye kofia ngumu wanateleza kuelekea bondeni. Picha hizo ni za kweli, ila zinamhusu mgeni wa wiki moja. Mkazi anayefanya kazi kwa mtandao anahitaji vingine: nyumba inayopata joto bila kummaliza kwa bili, duka lililo wazi Jumanne ya kawaida, basi la kwenda mji mkubwa, daktari, majirani, na mahali pa kufanyia kazi ambapo atamkuta mtu wa kusalimiana naye. Februari huwezi kujua kama mji unavyo, maana Februari kila mlango umefunguliwa kwa ajili ya watalii. Novemba utajua ndani ya siku mbili. Kwa hiyo ninachokushauri ni kimoja, na mengine yote yanatokana nacho: mji wa theluji uuchague kwa namna unavyoishi wakati theluji haipo. Anayeuchagua kwa uzuri wa miteremko yake amechagua mahali pa likizo, kisha anapalipia kodi ya mwaka mzima.

Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Masika yakishika Diani au Nungwi, hoteli nyingi hufunga, wafanyakazi hurudi makwao, na anayebaki huona mji halisi ulivyo. Mji wa skii una masika yake mawili kwa mwaka. Ya kwanza huanza mashine za kupandisha watu mlimani zinaposimamishwa, kwa kawaida katikati ya Aprili, na hudumu hadi Juni. Theluji inayeyuka, njia za mlimani ni tope, na wenye migahawa wanakwenda likizo. Ya pili ni Oktoba hadi katikati ya Desemba, ambapo baridi imeshafika lakini wateja bado. Ukijumlisha, ni karibu miezi minne au mitano, yaani sawa na msimu wenyewe wa skii au zaidi kidogo. Mtu anayekwenda kuishi, hata kwa miezi minane tu, hawezi kuikwepa.

Nitumie Bansko, mji ulio kusini-magharibi mwa Bulgaria chini ya milima ya Pirin, kwa sababu ndio ambao wafanyakazi wa mtandaoni wa Ulaya wameutaja zaidi katika miaka hii, na kwa sababu historia yake inaeleza vizuri kwa nini mji mmoja hukalika na mwingine haukaliki. Bansko ulikuwa mji kabla ya skii. Una nyumba za mawe za karne zilizopita, kanisa, soko na wenyeji wenye ukoo. Mshairi Nikola Vaptsarov, aliyeuawa mwaka 1942, alizaliwa hapo mwaka 1909. Milima iliyo juu yake ni hifadhi ya taifa iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1983. Skii ya kibiashara kwa kiwango cha sasa ilikuja baadaye: kampuni moja ilipewa na serikali haki ya kuendesha miteremko mwaka 2001, na mwaka 2003 ikaanza kazi gondola, yaani vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kuwatoa watu mjini hadi juu. Hapo ujenzi ukalipuka. Waingereza, Warusi na wengineo walinunua fleti ndogo ndogo wakiamini bei zitapanda bila kikomo, majengo yakaota pembezoni mwa mji, kisha msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ukayakuta mengine hayajakamilika na mengi hayana mkaaji.

Ni fleti hizo tupu, si theluji, zilizoifanya Bansko iwe nafuu kwa mtu wa kompyuta. Mwaka 2016 ilifunguliwa ofisi ya pamoja ambamo mtu hulipia kiti na intaneti kwa mwezi, nyingine zikafuata, na tangu mwaka 2020 kumekuwa na tamasha la wafanyakazi wa mtandaoni, ambalo hufanyika majira ya joto. Ajabu ni kwamba katika mji wenye jina kwa skii, mkusanyiko mkubwa wa wageni hawa unafanyika wakati hakuna hata tonge la theluji mtaani. Tamasha la jazi la Bansko nalo, lililoanza mwaka 1998, ni la Agosti. Kiangazi ndicho kipindi cha kupanda Vihren, kilele cha mita 2,914, na maeneo jirani ya Banya na Dobrinishte yana maji ya moto yanayotoka ardhini mwaka mzima. Ukiona mji una mambo ya namna hii nje ya msimu, uandike kwenye orodha yako. Ukiona hauna, usiuandike, hata miteremko yake iwe mizuri kiasi gani.

Sasa tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo kosa la kuchagua kwa macho ya Februari linapogharimu fedha. Jengo la fleti lililojengwa kwa ajili ya wageni wa likizo lina tabia zake. Wenye fleti wako mbali, wengine hawajafika kwa miaka. Kila mmoja anatakiwa kulipa ada ya matunzo kwa kila mita ya mraba, na wasipolipa, lifti inaharibika bila kutengenezwa, paa linavuja, taa za ngazini zinazimika. Msimu ukiisha, mapokezi, bwawa na mgahawa wa jengo hufungwa, hata kama tangazo lililokuvutia lilivitaja vyote vitatu. Lakini jambo kubwa zaidi ni joto. Katika jengo lenye fleti arobaini ambamo zinakaliwa tano, wewe unapasha joto kuta zinazopakana na baridi tupu juu, chini na ubavuni. Joto lako linahama kwenda kwa jirani asiyekuwepo, na bili inakuja kwako. Fleti ileile, ikiwa na majirani pande zote, ingeweza kukaa vizuri kwa moto mdogo tu. Ndiyo sababu idadi ya majirani wa kudumu ni swali la fedha kabla ya kuwa swali la upweke.

Kwa hiyo ukifika kutazama nyumba, rudi jengo hilohilo saa moja au mbili usiku na uhesabu madirisha yenye taa. Hakuna dalali atakayekupa taarifa bora kuliko hiyo. Kisha uliza maswali haya bila haya. Joto linatoka wapi: umeme, kiyoyozi kinachotoa hewa ya moto, jiko la kuni, au mfumo wa jengo zima? Kama ni mfumo wa jengo, unawashwa lini na unazimwa lini, na je, unawaka Novemba wapangaji wakiwa wachache? Madirisha ni ya vioo viwili? Chumba kinatazama wapi, kwa kuwa katika bonde lenye milima upande wa kusini chumba kinachotazama kaskazini hakitaliona jua kwa wiki nyingi? Omba bili za umeme za Januari na za Oktoba za mwaka uliopita. Aliyezoea LUKU au tokeni, ambako umeme unaulipia kwanza na ukiisha unajua, akumbuke kwamba Bulgaria bili huja baada ya mwezi kwisha, na mpangaji mpya anaweza kutumia wiki nne kabla ya kujua anachodaiwa. Umeme wa usiku una bei ya chini kuliko wa mchana penye mita ya kugawanya viwango. Uliza kama nyumba ina mita hiyo, na tangi la maji ya moto liwashwe usiku.

Mkataba nao ufuate mantiki hiyohiyo. Katika miji ya Alpi mwenye nyumba mara nyingi hupenda kupangisha kwa wiki kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha akutafute wewe ujaze miezi iliyobaki. Mpangaji wa namna hiyo hana nyumba; anatunza nyumba ya mtu hadi wageni wafike. Tafuta mkataba wa miezi kumi na miwili wenye kodi moja, na uutafute Mei, Juni au Septemba, wakati mwenye nyumba anaikumbuka fleti yake ilivyokaa tupu na bado hajaanza kuota fedha za Krismasi. Ukianza kuulizia tarehe 10 Desemba utalipa bei ya mtalii, tena kwa fleti zilizokataliwa na wengine. Bulgaria ilianza kutumia yuro tarehe 1 Januari 2026, hivyo matangazo ya zamani yenye bei za leva yasikuchanganye: yuro moja ilibadilishwa kwa leva 1.95583.

Kipimo cha Novemba hakiihusu Bansko peke yake. Ufaransa, katika miaka ya 1960 na 1970, ilijenga vituo vya skii juu kabisa milimani, mahali ambapo hapakuwa na mji. Val Thorens, kwenye mita 2,300 hivi, ni mfano wake mkubwa. Theluji ya huko ni ya uhakika kuliko ya Bansko kwa mbali, na kwa likizo ya skii ni chaguo zuri. Lakini kituo kilichojengwa kwa ajili ya msimu mmoja hufungwa msimu ukiisha, na anayebaki anabaki na walinzi na mafundi. Upande wa pili kuna Innsbruck, Austria: mji wenye watu wapatao 130,000, wenye chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1669, uliowahi kuandaa Olimpiki za majira ya baridi mwaka 1964 na 1976, na ambako mtu anaweza kutoka katikati ya mji na kufika mlimani kwa magari ya waya. Innsbruck haina masika hayo mawili, kwa sababu wanafunzi, hospitali na maofisi hayategemei theluji. Kodi yake ni kubwa kuliko ya Bansko, na anayeimudu ananunua utulivu wa mwaka mzima. Katikati ya mifano hiyo miwili kuna miji kama Chamonix ya Ufaransa, ambayo inaishi mwaka mzima kwa sababu wapanda milima wa kiangazi ni wengi, lakini ambayo nyumba za kupanga kwa muda mrefu zimekuwa adimu hata kwa wauguzi na walimu wake.

Hali ya hewa inaongeza uzito kwenye hoja hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature Climate Change uliangalia vituo 2,234 vya skii barani Ulaya, ukakadiria kwamba joto la dunia likipanda kwa nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya enzi ya viwanda, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji ya kutosha, endapo havitatengeneza theluji kwa mashine. Mashine zinapunguza hatari hiyo, ila zinakula maji na umeme, na hazifanyi kazi hewa isipokuwa na baridi ya kutosha. Miji iliyo chini, kama Bansko ulio kwenye mita 925 hivi, inaona theluji ya mtaani ikija na kuondoka ndani ya majira mamoja ya baridi. Anayehamia kwa ajili ya theluji peke yake anaweka maisha yake kwenye kitu kinachopungua. Aliyehamia kwa ajili ya mji atakuwa na mji hata katika mwaka ambao mvua imenyesha Januari.

Najua kuna atakayepinga: mimi ninakwenda kwa ajili ya skii, sasa Novemba ya nini? Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko kwenye saa. Mtu anayefanya kazi siku tano kwa wiki hatelezi siku saba. Tufanye hesabu ya Bansko. Majira ya baridi Bulgaria iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Ukiwa na ofisi Nairobi au Dar es Salaam, kazi yako inaanza saa mbili asubuhi ya Bansko, ambapo mwishoni mwa Desemba jua ndiyo kwanza linachomoza, na inakwisha saa kumi jioni, mashine za mlimani zikiwa zinafungwa. Jua linazama karibu na saa kumi na moja, na kwa kuwa milima iko kusini na magharibi mwa mji, kivuli kinatangulia. Maana yake utateleza Jumamosi na Jumapili, siku ambazo foleni ya gondola ni ndefu kuliko zote. Aliye na mwajiri London ana nafuu: saa tatu za London ni saa tano asubuhi Bansko, hivyo anaweza kupanda mlimani mapema na kurudi kazini kwa wakati. Aliye na mwajiri New York ana mchana wote, kwa kuwa kazi inaanza saa kumi jioni, lakini atafunga kompyuta saa sita usiku na maisha ya mji yatampita. Mwenye ofisi Afrika Mashariki anafaidi kipindi kingine. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba saa za Bulgaria na za kwetu ni zilezile, jua la Juni linakaa angani zaidi ya saa kumi na tano, na ukimaliza kazi saa kumi na moja jioni bado una muda wa kutembea mlimani hadi usiku uingie. Kwa hiyo hata mpenzi wa skii, akihesabu kwa ukweli, ataona kuwa sehemu kubwa ya saa zake atazitumia mjini na mezani, na sehemu kubwa ya saa zake za nje zitakuwa za kiangazi.

Mwili nao una maswali yake, na si yale ambayo watu huyaogopa kwanza. Mwinuko haukuhusu sana: Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,800, juu kuliko Bansko na Chamonix. Baridi pia inazoeleka kwa nguo za tabaka, viatu vyenye soli ya kushika barafu na mafuta mazito ya ngozi, maana hewa ya ndani iliyopashwa joto ni kavu na ngozi hupasuka. Kinachomlemea mtu wa ikweta ni mwanga. Amezoea saa kumi na mbili za jua mwaka mzima. Desemba ya Bansko inampa saa tisa na dakika chache, tena mara nyingi za mawingu. Novemba ni mbaya zaidi ya Januari kwa upande huu, kwa sababu hakuna theluji ya kurudisha mwanga. Katika majira hayo jua la huko ni dhaifu mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe; zungumza na daktari kuhusu kupima na kutumia vidonge kabla uchovu haujawa mazoea. Panga kutoka nje saa sita mchana kila siku, hata kwa nusu saa. Na siku za theluji na jua usisahau miwani ya giza na losheni ya kuzuia jua, maana theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale na macho huungua. Jambo jingine la majira ya baridi mabondeni ni moshi: hewa baridi hutulia chini, ya joto ikaifunika kwa juu, na moshi wa kuni hauna pa kwenda. Mwenye pumu aulize hali hiyo mtaa kwa mtaa.

Bima isome neno kwa neno. Bima inayotakiwa kwa visa ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao), yenye kiwango cha chini cha yuro 30,000, mara nyingi haihusishi ajali za skii, na hata zile zinazohusisha zinaweza kukuacha ukitoka nje ya miteremko iliyowekewa alama. Namba ya dharura ya Ulaya nzima ni 112. Hospitali ya karibu na Bansko iko Razlog, kilomita chache tu. Kwa matibabu makubwa utakwenda Sofia, umbali wa kilomita 150 na ushee. Hapo ndipo basi la Novemba linapokuwa na maana. Kuna pia treni ya reli nyembamba ya upana wa milimita 760 inayopanda kutoka Septemvri hadi Dobrinishte kupitia Bansko. Safari yake ni nzuri sana na inachukua karibu saa tano, kwa hiyo iwe ya kutembea, usiitegemee kuwahi miadi.

Vibali ndivyo vinavyowakwamisha watu wengi, na hapa miongozo ya zamani ni hatari. Awali, watu waliotimiza siku zao 90 katika nchi za Schengen walikuwa wakihamia Bulgaria kusubiri siku hizo zianze upya. Njia hiyo imekufa: Bulgaria iliingia Schengen kwa anga na bahari tarehe 31 Machi 2024, na kwa nchi kavu tarehe 1 Januari 2025. Siku unazokaa Bansko zinahesabiwa pamoja na za Paris na Berlin, 90 ndani ya kila 180, na sheria hiyo inamhusu pia Mswahili mwenye pasipoti ya Uingereza. Kwa hiyo mtu anayetaka mwaka anahitaji visa ya muda mrefu au kibali cha ukaazi. Nchi kadhaa za Ulaya, kama Kroatia, Uhispania na Italia, zimeweka vibali kwa wanaofanya kazi kwa mbali kwa waajiri wa nje, na karibu zote zinadai uthibitisho wa kipato, bima na mahali pa kuishi. Masharti yachukue ubalozini, na ujue mapema ubalozi upi unashughulikia nchi yako, kwa sababu si kila nchi ya Ulaya ina ubalozi Nairobi au Dar es Salaam. Visa ya utalii usiichukulie kuwa kibali cha kazi kwa sababu tu mwajiri hayupo hapo. Kodi ya mapato nayo ina mipaka yake: Bulgaria inatoza asilimia 10 kwa kiwango kimoja, jambo linalowavutia wengi, na mtu anayekaa zaidi ya siku 183 katika miezi kumi na miwili huwa mkaazi wake wa kikodi. Lakini kuondoka nyumbani hakukuondoi kwenye daftari la nyumbani. Kenya, kwa mfano, inamhesabu kuwa mkaazi mtu mwenye makao ya kudumu Kenya aliyekuwepo nchini hata kwa kipindi kifupi katika mwaka huo. Tafuta mshauri wa kodi kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.

Pingamizi zito zaidi ni la haki kwa wenyeji: je, mtu mwenye mshahara wa mbali hapandishi kodi na kuwafukuza waliozaliwa hapo? Mara nyingine ndiyo, na asiyekubali hilo hajatazama. Uswisi hasira za jambo hili zilifika kwenye kura: mwaka 2012 wananchi waliamua kwamba nyumba za watu wasioishi humo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote za kila manispaa. Lakini angalia kura hiyo ililenga nini. Ililenga nyumba zinazofungwa miezi kumi, yaani mji uliojengwa kwa ajili ya Februari. Mkazi wa mwaka mzima, anayechukua fleti iliyokuwa tupu, anayenunua mkate Novemba na kulipa kodi za hapo, anafanya kinyume chake, na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone inaweza kumhusu. Inamhusu Bansko, penye fleti nyingi kuliko watu; haimhusu sana Chamonix, ambako fleti unayoichukua ni ileile aliyokuwa akiitafuta muuguzi. Hivyo haki nayo inakuelekeza kwenye kipimo kilekile: kaa penye nafasi, kaa mwaka, na usichukue nyumba ya wiki wiki inayoondoa makazi sokoni.

Kuhusu kupokewa, tusidanganyane. Katika mji wa watu wasiofika elfu kumi, mtu mweusi anaonekana, anatazamwa, na pengine anaulizwa karatasi zake mara nyingi kuliko Mjerumani aliyehamia wiki hiyohiyo. Tembea na nakala ya kibali chako. Jifunze herufi za Kisirili, zinazotumika kuandika Kibulgaria, kabla ya kusafiri. Ni kazi ya wiki mbili, na inakufungulia mabango ya basi, dawa na mikataba. Jua pia kwamba Mbulgaria wa kizazi cha zamani akitikisa kichwa kama anayekubali huenda anakataa. Jumuiya ya wageni ni kimbilio jema, lakini wengi wao ni ndege wa kupita, na Novemba inakuonyesha wepi wanabaki. Hao ndio watakaokufaa ukiumwa. Urafiki na wenyeji huanzia mahali padogo: duka moja unalolirudia, kinyozi mmoja, meza moja ya chakula. Na chakula kina daraja lake, kwa kuwa Wabulgaria wana kachamak, uji mzito wa mahindi unaoliwa na jibini, ambao mlaji wa ugali ataufahamu kwa tonge la kwanza. Unga wake ni wa njano, ila unasongeka.

Atabaki msomaji mwenye swali la mwisho: visa ni ghali, nauli ni ghali, sina uwezo wa kwenda kutazama Novemba kisha nirudi tena kuhamia. Basi kipimo kifanye ukiwa ulipo. Piga simu mwezi huo kwenye ofisi ya pamoja na uulize watu wangapi wamekaa humo leo, ukiomba waonyeshe ukumbi kwa video. Tafuta ratiba ya mabasi ya siku za kazi za Novemba, sio ya Januari. Andika kwa duka la dawa na kliniki kuuliza saa zao za kufungua. Omba vipimo vya intaneti vya fleti vilivyochukuliwa usiku, na uulize kama umeme hukatika wakati wa dhoruba, ili uje na betri na laini ya simu ya kampuni ya pili. Kisha, badala ya kusaini mwaka mzima kwa picha, panga mwezi mmoja kuanzia Oktoba, wakati bei iko chini na wenye nyumba wana muda wa kukuonyesha fleti tano kwa siku. Amana ya mwaka usiitume kwa mtu yeyote kabla hujalala usiku mmoja ndani ya nyumba hiyo na kuona inachukua muda gani kupata joto.